Mwalimu Verlene Tolliver na Watoto wa Kadi Nyekundu

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na ninyi walimu mlioacha maandalizi ya mtihani wa Jumanne mkaja kutufariji, Bwana asifiwe.

Marehemu Verlene Tolliver alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Tallis, Mississippi, kifungua mimba wa Mzee Clovis na Mama Odessa Pruitt, akasoma shule ya watoto weusi ya Cotter, kisha chuo cha ualimu kule Jackson, akahitimu Mei 1973, na Agosti mwaka huo akaanza kufundisha darasa la tatu katika shule ile ile iliyomlea. Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Otis Tolliver, fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache na pai nyingi za viazi vitamu, aliyemtangulia mbele ya haki, wakajaliwa mtoto mmoja, mimi Lorraine.

Sheria ya mitihani ilipoingia mwaka 2002, Cotter ikaishi roho mkononi, kwa kuwa alama zikishuka miaka mfululizo shule hufungwa na walimu hutawanywa. Kila mtoto akawekewa kadi ukutani, kijani kwa anayefaulu, njano kwa aliyekaribia, nyekundu kwa aliye mbali, na amri ikawa njano wafundishwe kutwa, nyekundu wapewe picha wapake rangi, maana hawataipandisha shule. Verlene aliogopa, tusimpambe, na kwa miaka miwili alitii.

Aprili 2004, Jarvis Meeks wa kadi nyekundu alitapikia karatasi ya mtihani, na kwa kuwa kanuni inataka hata karatasi hiyo irudishwe, mwalimu mkuu, Bwana Hatcher, alikuja mbio na mfuko wa plastiki.

"Karatasi iko wapi?"

"Si uulize kwanza mtoto yuko wapi?" akamjibu Verlene.

Mtoto alikuwa chini ya meza, akauliza, "Mwalimu, shule ikifungwa, ni kwa sababu yangu?"

Kuanzia siku hiyo Verlene alikula chakula cha mchana na nyekundu wake, kitabu mkononi, na Bwana Hatcher alipomwambia, "Bi Verlene, utatufungisha shule wewe," alisema, "Naogopa kuliko wewe, lakini huyu hajui kusoma." Jarvis akasoma. Shule ikafungwa hata hivyo, Mei 2009, na nyekundu wakahamia jikoni kwake.

Januari mwaka huu, 2019, aligundulika na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 6 Aprili, na wodini alikuwa akishtuka usingizini na kuuliza kadi ya mjukuu wake, mwanangu Amariya, ina rangi gani. Ni nyekundu. Yuko darasa la tatu, na siku hizi asiyefaulu kusoma haruhusiwi kuingia la nne. Jana ametuuliza kama bibi amekufa kwa sababu yake, tukamwambia hapana, lakini bado hali chakula, na sisi wakubwa tunaogopa Jumanne kama yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuku na maharage, na walimu wenzake wote. Jarvis Meeks, aliyebeba jeneza leo, amesema kesho baada ya ibada ataketi na Amariya jikoni, kwenye kiti cha Mama.

Pumzika, Mama, kwa amani ambayo sheria ile haikukupa.