Mkono Uliopima Homa

Aliyemletea kitindamimba wito alikuwa kaka yake, dereva wa lori la mchanga, aliyesimama mlangoni pake mchana na funguo bado mkononi. "Mama anatuita," alisema. "Na wewe usipokuja, kasema hafungui mdomo kwa mtu." Kitindamimba akamfunga mwanawe mgongoni, akamfuata bila kuuliza, maana alijua anaitiwa nini. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu daktari amwambie kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani na kwamba aanze dawa za dripu upesi, na wiki zote hizo alikuwa na jibu moja tu: dawa hizo ndizo zilizomuua mama mdogo, na yeye hataki kufa kwa dawa.

Mama yao, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, aliegemea mito mitatu karibu na dirisha, kwa kuwa moyo wake haukumruhusu tena kulala chali. Karibu na mlango alikaa baba mdogo, mume wa marehemu mama mdogo, fundi baiskeli ambaye hakuwa ameikanyaga nyumba hiyo kwa miaka sita. Kaka alipomwona aligeuka atoke.

"Kaa," mama alisema. "Sina pumzi ya kukuita mara mbili."

Akakaa.

"Sikilizeni wanangu, na wewe shemeji, nisikilizeni bila kunikatiza, maana maji yamenifika shingoni na nikikatizwa sijui kama nitapata pa kuendelea. Nyumba hii ni yenu wawili, msiiuze kwa hasira wala kwa haraka. Cherehani ni ya kitindamimba wangu, na mkasi mkubwa pia, na wewe mwanangu usinune, wewe hata kifungo hujui kushona. Hayo ni mepesi. Mali hugawika, neno nililolikalia miaka sita ndilo zito, na leo nalitua.

"Mnajua kwamba saratani ilinishika mimi kabla ya mama yenu mdogo, nikatibiwa, nikapona. Mliona nywele zangu zikibaki kwenye mto, mliona vidonda vya mdomo mpaka maji matupu yakawa yananichoma, mliniona nikitapika kwa harufu tu ya vitunguu vya jirani. Hayo yalipita. Ambavyo hamkuviona ni vidole. Dawa ziliniachia ganzi, kwanza kama mtu aliyevaa glavu, kisha kama vidole vya mtu mwingine vilivyoshikizwa kwangu, hata siku moja sindano ya cherehani ikapita katikati ya hiki hapa, na mimi nikajua kwa kuona damu kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Sikumwambia daktari, wala ninyi. Niliogopa mtasema mama aache kushona, na fundi asiyeshona anaitwa nani? Nikajifunza kushona kwa macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini mimi kilinipita, kikamchukua mwingine.

"Mama yenu mdogo alipougua, nani angemuuguza kama si mimi mzoefu? Nywele zilipomtoka nilimwita Kibuyu, naye akaniita Daktari wa Cherehani, akisema, 'Dada, wewe ukipewa koti jeupe utalipunguza kiuno kwanza.' Tulicheka, wanangu, tulicheka sana. Muuguzi alituketisha sisi watatu, mimi, yeye na mumewe, akatuambia kwamba dawa hizi hupiga ugonjwa lakini huangusha na kinga ya mwili, na kwamba mgonjwa akipata homa, hata ndogo, hata akijiona mzima, apelekwe saa hiyo hiyo. Akatupa kipimajoto. Nikakitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Nikasema nimelea watoto kwa kiganja hiki, sihitaji kijiti kuniambia nani ana joto.

"Siku ya tisa baada ya dripu akaanza kutetemeka. Baba yenu mdogo alikuja mbio kutoka kazini, mikono imejaa grisi, akaniuliza, 'Shemeji, tumpeleke?' Nikaweka mkono kwenye paji la uso la mdogo wangu. Wanangu, niliweka mkono uliokufa. Nikajibu, 'Hana homa, nimempima. Ni baridi ya dawa tu, hata mimi ilinipata.' Kesho yake akaniuliza tena, nikamfokea mbele ya majirani, nikamwambia arudi kwenye baiskeli zake, wagonjwa aniachie mimi. Akaniamini. Jioni yake mdogo wangu alinitazama asijue mimi ni nani, ndipo nikaogopa. Hospitali walimkuta na joto la arobaini. Walihangaika naye, sitawasingizia, walihangaika, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Siku ya mazishi, wewe mwanangu mkubwa ulimkunja baba yako mdogo shati, ukampigia kelele kwamba alimwacha mkewe afe huku yeye akiziba pancha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Naye hakunitaja, siku ile wala miaka yote hii. Na wewe binti yangu ulitoka pale ukiamini kwamba dawa zimeua, na nikakuacha uamini, kwa sababu uwongo ule ulinisitiri. Sasa ndio huo umekukamata miguu."

Kitindamimba alimtazama kaka yake, naye kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sikudanganyi, mwanangu, dawa ni kali. Zitakutapisha, zitakunyoa, chakula kitakuwa na ladha ya misumari, na huenda zikaugusa moyo kama zilivyougusa wangu. Lakini moyo huu mbovu umenipa miaka kumi na moja, na ndani yake nimekuoza, nikampakata mwanao. Nenda. Kila kinachouma kitaje. Ganzi itaje, hata kinachokutia aibu kitaje. Na homa yako asiipime mtu kwa mkono, hata awe nani, hata aape.

"Wewe dereva wangu... muombe radhi baba yako mdogo, nikiwa nakusikia. Shemeji, mimi sina cha kukulipa. Ukiweza kunisamehe... usipoweza, sitakulaumu."

Baba mdogo alifuta uso kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa na macho, shemeji," alisema. "Nilimwona anatetemeka, nikaondoka."

Kaka akainuka, akapiga magoti mbele yake, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri ila yeye aliyeambiwa. Mama aliona. Akatafuta pumzi, akaipata kidogo.

"Basi. Mnizike bila makelele... na shemeji awe mbele, pamoja nanyi. Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza. Mungu awape... awape ulimi wa kusema mapema. Nifungulieni dirisha. Nimechoka, wanangu. Nime..."

Akafumba macho. Alikuwa bado anapumua.

Kitindamimba alilala hapo hapo kwa mama yake. Asubuhi yake aliamka kabla ya wote, akapika uji mwepesi, akaupoza, akaketi jikoni na mwanawe mapajani. Mtoto akapeleka mkono kwenye vifungo vya blauzi, kama kila asubuhi. Mama yake akauondoa mkono ule taratibu, akampa kikombe. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hawezi kuanza dawa huku ananyonyesha, na hilo hakuwa amemweleza mtu yeyote. Mtoto alionja, akatema, akakisukuma kikombe, uji ukamwagika mpaka kwenye kanga, akaanza kulia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Sauti nyembamba ikatoka chumbani. "Mbona... mtoto analia?"

"Namwachisha, mama."

Akamfuta mtoto kidevu, akajifuta na yeye macho, akajaza kikombe mara ya pili.