Nani Alikuwa Nje ya Lango

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi, na kahawa namimina mimi. Mwenzetu Breki, dereva mstaafu wa malori, alikuwa nyumbani kafungwa macho baada ya kupasuliwa. Upasuaji ulimkuta katikati ya kitabu kinene kama tofali, cha kwanza katika mfululizo mrefu wa wafalme, majoka na wachawi. Akatutumia kitabu hicho kwa mkono wa binti yake: tupokezane, tukimalize, kisha twende tukamsimulie. Tulikubali kwa vifijo. Sasa jioni ya kwenda ilikuwa imefika.

— Mimi nitamweleza habari za joka, alisema Kinyozi. Joka ndilo lililokalia kiti cha ufalme.

— Na mkia wote ule? Acha hizo! alidakia Profesa, fundi bomba anayejua kila kitu. Mfalme mwenyewe ndiye joka. Ndiyo maana hali chakula mbele za watu.

— Kwani wewe umefika wapi?

— Nimefika mbali.

— Mbali wapi?

— Kule kwenye vita.

Sindano, mama fundi cherehani, alicheka nusura kahawa impalie.

— Vita viko kwenye jalada, Profesa!

— Na wewe je, umesoma?

— Tena sana. Mfalme alishakufa zamani. Wanaomtumikia wote mizimu, hadi wapishi. Umeona wapi wakidai mshahara?

— Basi nchi nzima imo tumboni mwa joka! alisema Profesa, kasimama kabisa. Ndiyo maana kila sura wanalalamikia giza!

Tulicheka mpaka benchi likatikisika. Hapo binti wa Breki akakata kona, bado na sare ya duka la dawa anakofanya kazi. Tukampisha, hakukaa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?

— Hajambo. Amevaa shati la kutokea, anawasubiri. Redio kakataa isiwashwe, asije akakosa kusikia mkibisha hodi. Ila uvumilivu umemshinda, kanituma niwaulize kitu kimoja tu. Aliishia pale dada wa mfalme anapofungua lango. Nani alikuwa nje?

Profesa alianza kukagua spana yake. Sindano akajishughulisha na uzi kwenye sketi.

— Ni… ni mtu, alisema Kinyozi.

— Mtu gani, baba mdogo?

Kinyozi akaanza kukung'uta nywele kwenye koti lake.

— Basi nipeni kitabu, nikamsomee hata hapo tu.

Kinyozi aliingia dukani. Mlango ulikuwa wazi, tukamwona akiinama na kukivuta chini ya mguu wa kabati. Kabati likayumba, chupa zikagongana. Jalada lilikuwa limeganda povu na nywele. Binti alilipangusa kwa kiganja, akafungua. Tiketi ya basi aliyoiweka baba yake ilikuwa palepale alipoiacha.

Hakutukemea. Afadhali angetukemea.

— Kila siku ananiuliza mmefikia wapi, alisema. Nami namwambia mnaendelea vizuri.

Kinyozi alimwomba radhi mteja aliyekuwa akingoja, akafunga duka. Tukamfuata binti hadi kwao.

Breki alikuwa kaketi kitandani, shati limepigwa pasi. Aligeuza uso kufuata nyayo zetu, akitabasamu.

— Haya, wasomaji! Nani alikuwa nje?

— Hatujui, kaka, alisema Kinyozi. Hatujasoma hata ukurasa mmoja. Tulikuwa tunakuja kukudanganya.

Tabasamu lilimtoka Breki taratibu, na kwa kuwa hakutuona tukimtazama, hakujaribu kulificha hilo. Sindano aligeukia ukutani, anajifuta machozi kwa upande wa khanga. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Kisha Breki alipapasa godoro, akasogea na kuacha nafasi.

— Kaa hapa penye mwanga, alimwambia Kinyozi. Na usiruke maneno magumu.