Mzee Jaafar, Bi Mkubwa na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Tarehe 31 Disemba 1986, Mzee Jaafar Muhdhar atastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwa dereva na fundi wa Hoteli ya Mkilifi, Watamu. Wageni aliowapokea uwanja wa ndege wa Malindi hawana idadi. Waliowahi kumshinda kwa maneno tunawajua: hakuna.

Mwaka wake wa pili alikabidhiwa gari la hoteli, Pijo 404, mpya, inang'aa. Akaiita Bi Mkubwa, na tangu hapo ole wake abamizaye mlango. Bi Mkubwa alipozeeka, Mzee Jaafar alishika msimamo: injini ya mtu mzima hula petroli ya super tu, na kila tangi likijaa hutiwa kifuniko kimoja cha dawa ya kulainishia. Gona, dereva mwenzake, alishikilia kwamba injini ile iliundwa kwa regula, petroli ya kawaida ya bei nafuu, na super ni mbwembwe tu. Walibishana hadi chai ikapoa. Leo naweza kusema: Gona alimtilia Bi Mkubwa regula mwezi mzima kwa siri, na mwezi huohuo Mzee Jaafar alituita gereji tusikilize jinsi super ilivyomtuliza.

Mwaka 1984 Bi Mkubwa alianza kukohoa njiani. Ofisi ikatoa onyo: akizima tena na mtu ndani, atauzwa kama vyuma chakavu. Mzee Jaafar alikosa usingizi, wala hakuficha. Gari lile ndilo lililompeleka mkewe, Bi Kuluthumu, hospitali kujifungua, na ndilo lililomrudisha na mtoto.

Wiki hiyo dawa ile ya injini ilikuwa imeadimika Malindi nzima. Sasa, kwa Mzee Jaafar, hakuna kikavu kisicholainika kwa mafuta ya nazi: nywele, magoti, bawaba za mlango. Kwa nini si Bi Mkubwa? Akamwomba mpishi Kioko chupa, akaimimina yote tangini. Mchana ule injini ilitulia kama imeshiba, na moshi ukanukia jikoni. Pale Gede watu waligeuka kuuliza karamu ni ya nani.

Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na mtoto wa Pwani anajua kuwa mafuta ya nazi huganda wakati wa kipupwe. Mzee Jaafar mwenyewe huanika chupa yake juani kabla ya kujipaka kichwani. Kwenye gari akasahau. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tukimpeleka Mkurugenzi wetu, Bwana Ochola, kupanda ndege, mimi nikiwa nyuma na mizigo. Tulipofika Dabaso, Bi Mkubwa alipiga chafya akazima. Mzee Jaafar akafungua boneti, akakuta kabureta imejaa utando mweupe. Rangi ilimtoka.

Ulimi haukumtoka. Alimweleza Mkurugenzi, kwa adabu zote za Malindi, kwamba mtu wa heshima hapiti Dabaso bila kunywa chai kwenye mgahawa wa Bi Nyevu, ndiyo mila. Mila hiyo ilizaliwa asubuhi ileile. Bwana Ochola alikula mahamri na mbaazi, akaomba chai nyingine, na nyingine tena, huku boneti iko wazi na jua likimwingia Bi Mkubwa taratibu. Mafuta yakayeyuka, injini ikaitika, ndege ikawahiwa. Gari halikuuzwa.

Tulidhani tumemzuga Mkurugenzi. Wiki iliyopita tulikuwa tukijadili zawadi ya kumuaga Mzee Jaafar. Saa ya ukutani ameikataa. Siku hizi kazi yake ni kulizunguka gari kama aagaye mgonjwa. Bwana Ochola akaingia, akasema siku ile harufu ya nazi aliisikia tangu getini, na kwenye boneti alichungulia. Ile chai ya mwisho aliinywa kwa taabu, akilisubiri jua. Kisha akatoa uamuzi: Bi Mkubwa anastaafu siku moja na dereva wake, na anakwenda naye nyumbani. Mzee Jaafar alipoitwa na kuambiwa, alilia mbele yetu, nasi tukalia.

Ahsante, Mzee Jaafar, kwa safari, kwa mizaha na kwa ubishi. Tunakuombea wewe na Bi Kuluthumu umri mrefu na afya njema, na Bi Mkubwa petroli uipendayo wewe, Gona akitaka asitake. Kwenye kiti cha nyuma utakuta chupa kutoka jikoni, zawadi ya Kioko. Ni ya kichwa tu.

Kache, Mapokezi