Mama Vuguvugu na Ugonjwa wa Koliwobo

Tarehe 30 Novemba, muuguzi wa shule yetu anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja katika chumba cha wagonjwa kilicho kando ya maktaba. Wanafunzi humwita Mama Vuguvugu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka kwake bila kunywa kikombe cha maji ya vuguvugu, hata aliyekwenda na kidole kilichobanwa na mlango.

Amefunga vidonda, ameshusha homa na kung'oa meno ya utotoni yasiyo na idadi. Lakini sifa yake kubwa imetokana na ugonjwa mmoja unaozuka asubuhi za mitihani, foleni ya wanafunzi walioshika matumbo inapofika hadi maktaba. Yeye hupima joto, hutazama ulimi, kisha hutoa jibu lilelile: "Mwanangu, hizi ni collywobbles."

Neno hilo la Kiingereza lina maana ya tumbo kuvurugika kwa wasiwasi. Sisi tungesema tumbo joto. Asili yake haijulikani kwa hakika. Wengi hukisia kwamba, yapata karne mbili zilizopita, Waingereza waliunganisha neno la msokoto wa tumbo na neno la kuyumbayumba. Wengine huona ni jina la kale la kipindupindu lililopindwa na ndimi za watu. Mama Vuguvugu alilipata chuoni kwa mkufunzi wake, siku alipojificha chooni kuukwepa mtihani wa mdomo.

Tiba yake ni kunywa maji yale, kushika tumbo na kulitamka neno polepole mara tatu. Sisi hulitamka koliwobo. Hakuna anayefika mara ya tatu bila kucheka, na anayecheka hurudishwa darasani.

Mwalimu mkuu wetu, alipokuwa mgeni hapa, aliambiwa nusu ya darasa ina koliwobo. Aliamuru madirisha yote yafunguliwe, akaipigia simu idara ya afya. Mwaka uleule walikuja wakaguzi, naye akakutwa amejilaza kitandani kwa Mama, viatu miguuni, akinong'ona, "Nesi, nipe kitu kikali." Alipewa maji. Darasa la jirani lilimsikia akilitamka neno, kisha akicheka. Mwenyewe ameturuhusu kuyasimulia haya.

Wiki iliyopita Mama aliiomba kamati ya sherehe ya kumuaga ifute hotuba yake. Alisema tumbo linamsumbua tangu Jumatatu, huenda ni maharage. "Nitawapungia mkono, wanangu, inatosha." Kwetu haitoshi. Miaka yote amesema nasi mmoja mmoja, na tunatamani kumsikia mara moja tukiwa pamoja. Hotuba imebaki kwenye ratiba, namba sita. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakuwakataza wagonjwa wake kumganga.

Mama, chini ya meza ya jukwaani kuna chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu. Zamu yako ikifika, shika tumbo, ututazame. Safu nzima ya mbele italitamka pamoja nawe, mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu tutakuachia wewe.

Asante kwa kuturudisha darasani. Mungu akujalie asubuhi nyingi zisizo na mtihani.