Faili ya Kwanza Ilikuwa ya Nani?

Asubuhi ile nilifika kijiweni na kompyuta kwapani na kiburi hadi kooni, na mpaka leo nikiyasimulia haya masikio yananiwaka kwa aibu. Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vipuri, ubao mmoja uliobonyea katikati, na Mama Kahawa na jiko lake mbele yetu. Pale naitwa Mtaalamu, kwa kuwa natengeneza kompyuta. Wiki tatu kabla tulimzika baba. Wasifu wake aliuandika dada yetu mkubwa, mimi nikausahihisha, kila mmoja akabaki na faili yake. Uliposomwa, watoto watano tukatajwa. Wa sita, mdogo wetu wa mama mwingine, akarukwa, naye amesimama palepale na shada mkononi. Basi siku moja kabla ya asubuhi ile nilikuwa nimezilinganisha faili hizo mbili, nikamfokea dada mbele ya mashangazi kwamba jina limo kwangu, kwake halimo, yeye ndiye aliyemfuta. Saa nne ile kulikuwa na kikao, dada aombe radhi mbele ya ukoo.

— Lete ushahidi, akasema Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, kama shahidi.

Nikafungua kompyuta. Mistari chungu nzima, mingi ni ugomvi wa koma na nukta, na chini kabisa mstari wenye jina la mdogo wetu, mbele yake mshale unaotazama kushoto.

— Mshale wa nini tena? akauliza Breki, dereva wa lori.

— Programu inasoma faili mbili. Mshale wa kushoto maana yake mstari huu umo kwenye faili ya kwanza, kwenye ya pili haumo. Wa kulia, kinyume chake.

— Mimi naona alama ya barabarani. Jina limekata kona, limeenda zake.

— Acha ujinga, Breki, akasema Wakili. Mshale unamwonyesha mhalifu. Mtaalamu, siku ya mazishi dada yako alikaa upande gani?

— Kushoto.

— Si unaona! Kesi imekwisha.

— Ngoja kwanza! Na kama ni marehemu mwenyewe? Watu wanarudi kurekebisha mambo yao, msicheke.

— Marehemu yupi, Breki? akauliza Wakili. Yule aliyekuwa akishika simu kichwa chini miguu juu?

Tukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama Kahawa hakucheka.

— Huyo dada ndiye aliyekuogesha ulipofiwa na mama yako, akaniambia.

— Mama, mashine haina upendeleo, nikamkata kauli.

Hapo ndipo mdogo wetu alipotokea, yule yule aliyerukwa. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ovaroli lake lina matundu ya cheche. Akatuamkia wote, akapewa kahawa, akainama kutazama skrini. Wakili akamweleza habari ya mishale kana kwamba kaibuni yeye.

— Sawa, akasema. Na faili ya kwanza ilikuwa ya nani?

— Yangu, nikasema.

— Una hakika, kaka?

Wakili akamtazama Breki. Breki akaitazama kahawa yake. Nikapandisha skrini, koma baada ya koma, hadi juu kabisa, penye amri ya kuzilinganisha faili, niliyoiandika kwa vidole vyangu. Faili ya dada ilitangulia. Yangu ndiyo ya pili.

Nikakumbuka. Au tuseme ukweli, nikaacha kujisahaulisha. Wasifu ulikuwa umezidi ukurasa kwa mstari mmoja, nikafuta mmoja. Ningependa kuwaambia nilifuta bila kuangalia. Niliangalia.

— Dada alinisomea jina langu kwenye simu kabla hajakutumia, mdogo wetu akasema, wala hakupandisha sauti. Nilijua tangu mazishini. Nikasema ngoja, kaka atakuja kuniambia mwenyewe. Ya jana nimeyasikia leo, ndiyo maana nimekuja.

Mama Kahawa alikuwa akipanguza kikombe kilichokwisha kukauka zamani. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha, na kilichotoka ni hiki:

— Ukurasa ulikuwa umejaa.

— Mimi ni mstari mmoja tu, kaka.