Sahihi Thelathini na Tisa

Kochi lenyewe ni la watu watatu, wanne wakibanana, na wa tano akija anakalia mkono. Mwenyewe alilileta libadilishwe kitambaa miaka minne iliyopita, akaaga kwamba atalifuata Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi. Fundi alichoka kulizunguka kila akitaka kupita, akalitoa nje ya karakana, akaliweka kivulini, na kabla ya wiki kuisha lilikuwa kijiwe. Kila alasiri utamkuta hapo Fundi mwenyewe, sindano ndefu ya kushonea makochi imechomekwa kolani. Utamkuta Wakili, ambaye sheria hajasomea, ila siku moja aliitwa mahakamani kutoa ushahidi na tangu siku hiyo hawezi kuongea bila kusimama. Utamkuta Dakika Mbili, dereva wa lori mstaafu, ambaye kila hadithi yake ni ya dakika mbili na hakuna binadamu aliyewahi kuusikia mwisho wake. Na Mama Kahawa, na birika lake, na macho yake yasiyopitwa na kitu. Jumapili hiyo, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Fundi alikuja kijiweni amebana kitu ndani ya aproni.

— Umeficha nini humo? Mama Kahawa akamwuliza.

— Sijaficha kitu.

— Basi tumbo lako leo lina pembe nne.

Fundi akaona aibu, akalitoa. Lilikuwa daftari kubwa, jalada gumu jeusi, limejaa mwandiko mzuri wa kike uliolalia upande mmoja.

— La binti yangu hili, akasema. Si mnajua amechaguliwa lile darasa la Kiingereza cha juu?

— Tunajua, akasema Dakika Mbili. Umetuambia mara sitini.

— Kumi na wawili tu shule nzima.

— Na hiyo tunajua.

Wasichokijua ni kazi waliyopewa watoto hao likizo yote. Vitabu viwili vizito, vya Kiingereza, wavisome mpaka mwisho. Na kila siku ya kusoma, ukurasa mmoja wa daftari: kushoto unanakili maneno yaliyokusimamisha kitabuni, kulia unasema wewe mwenyewe umeona nini, umekasirishwa na nini, unauliza nini. Chini ya kila ukurasa mwalimu alikuwa ameshagonga mhuri wenye neno moja, NIMESOMA, na mstari wa mzazi kuweka sahihi.

— Sasa shida iko wapi? akauliza Wakili.

— Ukurasa wa mwisho. Soma hapo.

Hapo paliandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo Wakili alipasoma kwa sauti ya mahakamani:

— "Mzazi, taja ukurasa uliokugusa, na ueleze kwa nini. Andika kwa mkono wako." Basi taja, bwana. Kuna ugumu gani?

Fundi akaishika ile sindano ya kolani, akaiachia.

— Sijasoma hata mmoja.

— Ala! Na hizi sahihi? akauliza Mama Kahawa.

— Zangu.

— Zote?

— Thelathini na tisa.

Usimcheke haraka. Uongo wenyewe ulianza mdogo. Siku ya kwanza ya likizo binti alimwekea daftari mezani, akamwuliza, "Baba, Kiingereza si unakijua?" Na Fundi, ambaye ujanani alifanya kazi kiwanda cha samani na anajua kwa Kiingereza rangi zote na aina saba za vitambaa, akajibu, "Nakijua cha kutosha." Basi kila jioni akawa anavaa miwani, anapitisha macho mstari kwa mstari, polepole, kwa mwendo aliokadiria kuwa ndio mwendo wa mtu anayesoma. Akifika chini anaitikia kwa kichwa, anasaini, anasema, "Safi, mama. Endelea." Moyoni alikuwa anaona haya. Lakini alikuwa anaona raha pia, kwa sababu tangu mtoto huyu aanze sekondari hakukuwa na saa nyingine ya siku aliyokuja kukaa karibu na baba yake bila kuitwa.

— Kwa hiyo sisi tukusaidie nini? akauliza Dakika Mbili.

— Mnitafutie ukurasa. Jioni analichukua daftari lake. Wakili, wewe si huwa unatuambia ulijibu maswali ya hakimu kwa Kiingereza?

— Kulikuwa na mkalimani, akasema Wakili. Ila nilikuwa namsahihisha.

Akasimama, akalifungua daftari katikati, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu.

— Haya. Neno hili hapa ni "baba". Hili nalijua hata usingizini.

— Lipo mara ngapi?

— Moja... tatu... saba. Ukurasa mmoja, mara saba.

Fundi akakaa vizuri. Mara saba! Tabasamu likamtoka kabla hajalizuia.

— Anakusifu huyo, akasema Mama Kahawa.

— Mtoto gani amsifu baba mara saba? akaingilia Dakika Mbili. Mara moja ni sifa. Mara saba ni mashtaka. Mimi nilipokuwa naendesha lori la saruji, dakika mbili tu niwaeleze...

— Usieleze.

— Tulieni, akasema Wakili, kidole kimegota kwenye karatasi. Kando ya "baba" kuna neno jingine. Hili nililiona mahakamani, kesi yenyewe ilikuwa ya urithi. Hili ni "amekufa".

— Nani?

— Baba.

— Baba yupi?

— Hapa wameandika baba. Hawakuandika yupi.

Tabasamu la Fundi likarudi lilikotoka.

— Soma tena, akasema.

— Hata nikisoma mara kumi, bwana, ni baba na ni kufa, mstari mmoja. Mimi nakueleza lililopo. Binti yako amemwandikia mwalimu kwamba wewe ni marehemu.

— Kwa nini afanye hivyo?

— Hilo mimi nalijua, akasema Dakika Mbili, akajivuta mpaka ukingoni mwa kochi. Kuna watu wanachukua yatima wenye Kiingereza kizuri. Wanawasomesha bure mpaka ng'ambo. Lakini yatima lazima awe yatima, hawataki wa kubabaisha. Sasa mtoto ana Kiingereza, kikwazo ni nani? Wewe. Akakuondoa.

— Kwa kalamu, akasema Wakili.

— Kwa kalamu! Na kesho shule ikifunguliwa walimu watakuja hapa na michango ya rambirambi. Watamkuta marehemu anagonga misumari.

— Utawapokea wewe mwenyewe? Mama Kahawa akamwuliza Fundi, ila alipomtazama usoni akajuta kuuliza.

— Na bado hamjaona kubwa zaidi, akasema Wakili, ambaye kesi ikimkolea haoni uso wa mtu. Tazameni chini. Mhuri: NIMESOMA. Sahihi: ya nani? Ya huyu huyu! Bwana, wewe umeletewa kifo chako, umekipitia, umekubali, ukaweka na tarehe. Kwa mujibu wa karatasi hii una wiki tatu tangu ufe.

— Na jana amekunywa kahawa yangu vikombe vinne, akasema Mama Kahawa.

— Ndiyo maana sheria ni ngumu.

Dakika Mbili akacheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile tarehe, na jioni yenyewe ikamrudia. Siku hiyo binti hakukaa kando yake kama siku nyingine. Alibaki amesimama, anamtazama baba yake usoni wakati wote yeye akipitisha macho. Naye akafika chini, akasaini, akasema, "Safi, mama." Binti akauliza, "Safi, baba?" Akamjibu, "Safi sana." Mtoto akaenda kulala bila kula, mama yake akasema labda kichwa kinamuuma. Kama mtoto alimwandikia kwamba amekufa kwake, na yeye akamjibu safi sana, basi hapo baba ni nani na mjinga ni nani?

Ndipo akatokea mama mmoja muuguzi, bado amevaa sare ya kazini, kuulizia kiti chake.

— Kesho, dada, kesho hakika, akasema Fundi bila hata kuinua kichwa.

— Dada, samahani, akasema Wakili. Kiingereza unasoma?

— Cha kazini nasoma.

— Basi tusomee hapa. Huyu bwana amekufa.

Muuguzi akamtazama Fundi kwa macho ya kazini.

— Mbona anapumua?

Hata hivyo akalipokea daftari. Akasoma kimyakimya, kijiwe chote kimemkodolea. Alipofika katikati ya ukurasa akaacha. Akageuza jalada, akaliona jina la mwenye daftari, akalifunga taratibu.

— Hili la binti yako?

— La binti yangu.

— Na yeye yuko wapi?

— Nyumbani. Anapiga pasi sare.

— Nyumbani ni mbali?

Fundi akanyoosha mkono. Nyumbani ni ule mlango wa buluu ng'ambo ya uwanja, hatua kumi na tano, ishirini ukiwa umechoka.

— Sasa kwa nini hamkumwuliza yeye?

Wakili akakaa. Dakika Mbili hakuomba hata dakika moja. Mama Kahawa akainamisha birika kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Muuguzi akamrudishia Fundi daftari mkononi, akasema kiti atakifuata, haraka hana.

Zile hatua kumi na tano Fundi alizihesabu zote. Binti alikuwa amesimama mezani, sketi moja ameshaikunja, nyingine iko chini ya pasi.

— Umemaliza kuandika, baba?

— Mama, mimi Kiingereza sijui.

Pasi ikasimama.

— Najua, baba.

— Tangu lini?

— Siku ya sita. Nilijaza ukurasa mzima vitu vya sokoni. Nyanya, chumvi, sabuni ya kufulia. Ukasema safi, endelea.

Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

— Na hukuniambia?

— Ningekuambia ungeacha kukaa na mimi.

Fundi akavuta kiti, akakaa. Akafungua daftari mahali pale pa Wakili.

— Na hapa? Hapa nimekufa?

Binti akainama, akaona ukurasa wenyewe, akashika mdomo.

— Si wewe! Ni baba wa yule msichana wa kitabuni. Kushoto ni maneno ya kitabu.

— Na kulia?

— Kulia ni mimi.

— Umesema nini?

Alisitasita. Kisha akaiondoa pasi kwenye sketi, akavuta kiti cha pili, akaanza kutafsiri, kidole kikitembea chini ya maneno.

— "Msichana huyu amebakiza sauti tu ya baba yake. Mimi wangu yupo, na sauti yake naisikia kila jioni, lakini inasema neno lile lile. Natamani siku moja aniulize kitu. Chochote."

Nje mtu alikuwa anabishana na Mama Kahawa kuhusu sukari. Fundi aliweka mikono yake mizito juu ya meza. Alikuwa anatafuta cha kuuliza, na alitaka kiwe cha kweli.

— Huyo marehemu, akasema mwishowe, alikuwa fundi wa nini?

Binti akafungua mdomo kujibu. Akakichukua kitabu, akapekua mwanzo, akapekua katikati.

— Hakisemi.

— Hakisemi? Kurasa zote hizo mtu analiliwa, hata kazi ya mikono yake hawakuitaja? Sasa huyo msichana anamlilia nani?

Binti akamtazama. Akachukua kalamu, na upande wa kulia, chini kabisa palipobaki nafasi ndogo, akaanza kuandika haraka haraka.

— Unaandika nini?

— Ulichosema. Mwalimu atalizungumza darasani, utaona.

Kisha akamgeuzia ukurasa wa mwisho, akampa kalamu. Fundi aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa kama anazochora kwa chaki kwenye kitambaa: *Ukurasa ulionigusa ni wa baba aliyekufa. Sahihi zote ni zangu, ila sikusoma. Mwanangu ana akili, kosa ni langu. Leo ndiyo tunaanza.* Alipomaliza akarudi mwanzo kabisa, ukurasa wa kwanza, akaulaza katikati yao.

— Haya. Anza.

— Zote, baba? Na sare?

— Sare nitapiga mimi. Anza.

Binti alikuwa kwenye ukurasa wa pili, pasi mkononi mwa baba, sauti ya Wakili ilipopita dirishani.

— Fundi! Kijiwe kinauliza! Umekutwa hai au tuanze kuchimba?

— Nyamazeni huko, akajibu Fundi. Nasomewa.