Mwani wa Seulbi

Nje ya duka la Bi Gu, uchochoro wa juu kule Mokpo, Korea, kuna kibaraza cha mbao wanapokaa wanakijiwe na kahawa ya pakiti. Asubuhi hiyo Mzee Pyo hakukigusa kikombe chake. Mjukuu wake Seulbi, wa miaka tisa, aligongwa na pikipiki majira ya baridi akaumia kichwa. Kutembea anatembea, kucheka anacheka, ila ukimwambia jambo jioni, asubuhi halipo. Daktari kasema atarudi polepole, alale vizuri, akumbushwe bila kugombezwa. Kijiwe nacho kina udaktari wake.

—Mpe jozi, alisema Redio, kinyozi. Huzioni kokwa zake zilivyojikunja kama ubongo?

—Jozi gani, akadakia Injinia, fundi majiko. Wewe unazibugia kila siku, na jana umeninyoa upande mmoja ukasahau wa pili!

—Umeme ulikatika, bwana!

—Sikia, mzee, Injinia akamgeukia Pyo. Kumbukumbu zilidondoka palepale njia panda alipogongwa. Mpitishe kinyumenyume, atazizoa.

—Agongwe tena? Bi Gu alifoka toka mlangoni. Wanaume bure kabisa nyie! Dawa ni kumnyima mwani. Mtoto wa mtihani halishwi mwani, unateleza, na masomo yanateleza nao. Huyu kwake kila siku ni mtihani.

Mzee Pyo aliinama. Ushauri huo Bi Gu alishampa, naye alikuwa ameufuata. Leo Seulbi ametimiza mwaka mwingine, na tangu azaliwe hajakosa supu ya mwani ya desturi asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa. Leo kampikia supu ya soya. Roho ilimuuma, lakini angefanya lolote huyu mtoto apone.

Mara Seulbi akatokea na kandambili, nywele timutimu.

—Shikamooni. Babu, jana ukinifunika blanketi si uliniambia nikiamka ni siku yangu ya kuzaliwa?

Redio akashusha kikombe.

—Nilikwambia, mama.

—Sasa mbona hujanipikia mwani?

Injinia alitazama viatu vyake. Mzee Pyo alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Jana! Mtoto kaikumbuka jana!

Bi Gu aliingia dukani, akatoka na pakiti ya mwani mkavu, akamtupia mzee mapajani.

—Kapike basi, unangoja nini?

Njiani Seulbi alimshika babu yake mkono.

—Babu, umebeba nini?

—Mwani, mama.

—Wa nini?

Mzee akamweleza tena tangu mwanzo, bila haraka, akicheka huku analia.